Usimtafute mtoto, mtafute aliyelipa: kumfuatilia mzee wa ukoo aliyelelewa kwa watu

Ukikuta kwenye sensa ya zamani mtoto wa miaka minne anaishi na watu ambao jina lao la ukoo si lake, hamu ya kwanza ni kuliandika jina lake kwenye kila tovuti ya nasaba na kubonyeza kitufe cha kutafuta. Utapata majina mia, na hakuna hata moja utakaloweza kulithibitisha. Mtoto mdogo haachi karatasi. Hasaini, hamiliki, hashtaki, halipi kodi. Waliompokea, waliompeleka na waliogharamia chakula chake ndio walioacha maandishi. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: nani alikuwa analipa?

Majibu ni matano tu. Alilipa ndugu, yaani mtoto alilelewa na shangazi, mjomba au bibi bila makubaliano ya maandishi. Ililipa serikali ya mtaa kupitia mfuko wa maskini. Lililipa shirika la hisani. Alilipa baba kwa amri ya mahakama, au mama kwa mshahara wake wa kazi za ndani. Au hakulipa mtu, mtoto akalipia chakula chake kwa jasho. Kila jibu lina kabati lake la nyaraka, na ukifungua kabati lisilo lake utapoteza miezi.

Maelezo haya yanahusu hasa England na Wales kuanzia 1837, uandikishaji wa vizazi na vifo ulipoanza tarehe 1 Julai. Marekani na Kanada zinaguswa pale watoto walipopelekwa, au pale nyaraka zake zinapotofautiana.

Cheti cha kuasili hakipo

Kiondoe kwenye orodha yako mapema. England na Wales hazikuwa na sheria ya kuasili mtoto mpaka ile ya 1926, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1927. Scotland ilifuata 1930. Massachusetts ilitangulia mbali, 1851, na majimbo mengine ya Marekani yakafuata kila moja kwa wakati wake. Kabla ya hapo, neno "adopted" (aliyeasiliwa) kwenye sensa ni kauli ya mwenye nyumba aliyekuwa akijibu maswali ya karani. Halina faili mahakamani.

Pengo hilo la sheria lina faida moja. Mtoto wa kulelewa hakuwa na haki ya urithi mlezi akifa bila wosia, kwa hiyo mlezi mwenye nyumba, duka au akiba alilazimika kumtaja kwa maneno yasiyo na utata. Ndiyo maana kwenye wosia utakuta maelezo ambayo hayapo kwingine: "adopted daughter" likifuatiwa na majina mawili ya ukoo yaliyounganishwa kwa "otherwise" au "commonly called" (yaani "ajulikanaye pia kama"). Mwanasheria aliandika yote mawili ili mirathi isipingwe. Kwa England na Wales, orodha ya mirathi ya kitaifa inaanzia 1858 na hupangwa kwa mwaka wa kuthibitishwa wosia, si mwaka wa kifo, hivyo angalia miaka miwili mitatu baada ya kifo. Soma wosia wa walezi wote wawili, na wa ndugu zao wasio na watoto pia.

Kuisoma sensa kwa jicho la mlipaji

Safu ya uhusiano na mkuu wa kaya ilianza kuandikwa England 1851, na Marekani 1880. Maneno yaliyotumika hayalingani uzito, na tofauti zake ndizo zinazokuonyesha kabati la kufungua.

"Nurse child" maana yake karibu kila mara ni mtoto mchanga au mdogo anayelelewa kwa malipo, mara nyingi mama yake akiwa kwenye kazi za ndani mahali ambapo hakuruhusiwa kuwa na mtoto. "Boarder" kwa mtu mzima ni mpangaji anayelishwa, lakini kwa mtoto wa miaka saba ni dalili kwamba kuna mtu au ofisi inayotuma hela. "Boarded out", yaani kuwekwa kwa walezi wa kulipwa, ni lugha ya mfuko wa maskini au ya shirika la hisani, na ukiiona nenda huko moja kwa moja. "Visitor" ni neno la kutilia shaka: huenda mtoto alilala usiku mmoja tu, huenda mwenye nyumba hakutaka kujieleza. Ukiliona kwa mtoto yuleyule, nyumba ileile, sensa mbili mfululizo, huyo si mgeni. "Nephew", "niece" na "grandchild" yachukue kama yalivyo kwanza, kisha tafuta ndugu wa kati anayeunganisha. Na jihadhari na "son-in-law" kwa mtoto wa miaka kumi. Zamani neno hilo lilitumika pia kwa mtoto wa kambo, kwa hiyo hapo unatafuta ndoa ya awali ya mke wa nyumba hiyo.

Kwa sensa zisizo na safu hiyo, angalia mpangilio. Makarani waliandika baba, mama, kisha watoto kuanzia mkubwa. Mtoto wa miaka tisa aliyeandikwa chini ya mdogo wa mwaka mmoja, hata kama kapewa jina la ukoo la nyumba hiyo, kwa kawaida si wa tumbo moja na hao. Sensa ya England ya 1841 ina mtego wa ziada: umri wa walio zaidi ya miaka 15 ulipaswa kushushwa hadi kigawe cha tano, kwa hiyo mlezi wa "miaka 40" anaweza kuwa na 44.

Sensa za Marekani za 1900 na 1910 ziliuliza kila mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. England iliuliza swali la namna hiyo 1911. Mama aliyejibu "wanne, wote hai" na nyumbani ana watano, basi umemwona wa kulelewa bila mtu kukuambia. Katika ile ya 1911 wajane wengi walijaza safu hiyo ingawa haikuwahusu, na karani akaifuta kwa mstari. Maandishi ya chini yanasomeka, kwa hiyo tazama picha ya karatasi yenyewe, usitegemee maandishi yaliyochapwa na tovuti.

Yapo na mashimo. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 ilipotea kufuatia moto wa 1921. Sensa ya England na Wales ya 1931 iliungua yote 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Rejista ya taifa ya tarehe 29 Septemba 1939 ndiyo inayoziba pengo hilo, nayo ina tarehe kamili za kuzaliwa.

Hesabu ya umri, hatua kwa hatua

Tuseme umempata William, miaka 4, "nurse child", kazaliwa Lambeth, London, kwenye sensa ya 1881. Sensa hiyo ilihesabu waliolala nyumbani usiku wa tarehe 3 Aprili. Kama umri ni sahihi, alizaliwa kati ya 4 Aprili 1876 na 3 Aprili 1877. Wazazi walikuwa na siku 42 za kuandikisha, na index (faharasa) ya vizazi hupangwa kwa robo mwaka kufuata tarehe ya kuandikisha. Kwa hiyo robo za kupekua ni tano: kuanzia ile inayoishia Juni 1876 hadi ile inayoishia Juni 1877. Ongeza mwaka mmoja kila upande, kwa sababu mlezi wa kulipwa mara nyingi alikadiria umri tu.

Sasa tatizo: kwenye index rasmi ya mtandaoni ya GRO, ofisi kuu ya uandikishaji, huwezi kutafuta bila jina la ukoo. Hapo tumia FreeBMD, tovuti ya bure ya index hizo, ambayo inakubali jina la kwanza pamoja na wilaya ya uandikishaji na kipindi kifupi. Chukua robo moja moja. Ukiweka mwaka mzima kwa jina kama William matokeo yatakuwa mengi kupita kiasi na utafutaji utakataliwa. Orodha ukishaipata, rudi GRO na uangalie kila mmoja: index yao inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, wakati index ya zamani ya vitabu ililiweka kuanzia robo ya Septemba 1911 tu. Penye kistari badala ya jina la mama, kwa kawaida mtoto alizaliwa nje ya ndoa na jina la ukoo alilopewa ni la mama. Kwa mtoto wa kulelewa kwa malipo, anza na hao wenye kistari.

Kisha punguza. Angalia index ya vifo ya wilaya hiyo kwa watoto wa jina hilo waliokufa kabla ya Aprili 1881, uwaondoe. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi, na hatua hii peke yake huweza kupunguza orodha kwa kiasi kikubwa. Waliobaki, watafute mmoja mmoja kwenye sensa ileile ya 1881: aliyeonekana akiishi na mama yake mwenyewe si wako. Agiza vyeti vya waliobaki tu, na agiza nakala kamili, kwa kuwa cheti kifupi hakina majina ya wazazi.

Cheti kikifika, soma safu ya baba na majina ya kati ya mtoto kwa pamoja. Kabla ya 1875 jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa huweza kuwapo kwa kauli ya mama. Kuanzia mwaka huo halikuandikwa mpaka baba mwenyewe afike kusaini pamoja naye. Mama aliyenyimwa safu ya baba mara nyingi alilificha jina hilo katikati ya jina la mtoto. Jina la kati linalofanana na jina la ukoo, ambalo halipo kwa upande wa mama wala wa walezi, ni la kulifuatilia mpaka likukatalie.

Kabla ya kwenda mbali, chunguza nyumba yenyewe

Mara nyingi mtoto "wa mwisho" wa nyumba ni mjukuu. Dalili ni tatu, na moja peke yake haitoshi: mama ana miaka 46 au zaidi wakati wa kuzaliwa mtoto, pengo kutoka kwa anayemtangulia ni la miaka mingi kuliko mapengo mengine, na nyumbani kuna binti wa miaka 16 hadi 22 ambaye hajaolewa au ameondoka ghafla kwenda kazini mbali. Cheti cha kuzaliwa humaliza ubishi, kwa sababu wengi waliomdanganya karani wa sensa hawakuthubutu kumdanganya mwandikishaji. Angalia pia ubatizo. Karani wa parokia aliwajua watu wake, na kwenye fomu zilizochapwa zilizoanza 1813 utakuta jina la mama peke yake likifuatiwa na "single woman".

Kabati la mfuko wa maskini

Tangu 1834 parokia za England na Wales ziliunganishwa katika union (muungano wa parokia), kila moja ikiwa na Board of Guardians, yaani bodi ya wasimamizi wake, na nyumba ya maskini. Nyaraka zake ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti, na chache tu zimewekwa mtandaoni. Anza na rejista za dini za nyumba ya maskini, "creed registers", zilizoanza kutunzwa mwishoni mwa miaka ya 1860. Zimepangwa kwa herufi, jambo ambalo rejista za kuingia na kutoka hazina, na mara nyingi zinataja mwaka wa kuzaliwa, alikotoka na ndugu wa karibu.

Amri ya 1870 iliruhusu union kuwaweka watoto katika nyumba za watu nje ya mipaka yake, kwa kisichozidi shilingi 4 kwa wiki. Masharti yake yanakusaidia kutafuta. Ilihusu yatima na waliotelekezwa, si mtoto ambaye mama yake alikuwa nyumba ya maskini naye. Walezi walitakiwa kuwa wa dini ya mtoto. Nyumba moja haikupewa zaidi ya watoto wawili, isipokuwa wakiwa ndugu wa damu. Kwa hiyo ukiona "boarders" watatu wenye majina tofauti ya ukoo chini ya paa moja, malipo pengine yalitoka kwingine. Ukiona watatu wenye jina moja, una kundi zima la ndugu, na cheti cha mmoja chenye wazazi wote wawili kinakufungulia wengine.

Kumbuka kwamba union iliyolipa ni ile mtoto alikotoka, si ile ya kijiji alikolelewa. Watu hufika hifadhi ya kaunti ya walezi, wanakuta hakuna kitu, wanakata tamaa. Tumia mahali pa kuzaliwa pa kwenye sensa kukisia union iliyolipa, kisha pekua minuti za vikao vya Guardians. Hazina index nzuri, ila orodha za malipo hujirudia kila robo mwaka, hivyo ukilikuta jina mara moja utaweza kurudi nyuma robo kwa robo mpaka siku alipopokelewa.

Kwa walezi binafsi wa kulipwa, sheria ya 1872 ya kulinda watoto wachanga ilimtaka anayepokea kwa malipo watoto wawili au zaidi wa chini ya mwaka mmoja kujiandikisha. Sheria ya 1897 ilipandisha umri hadi miaka mitano, na ya 1908 ikagusa hata mwenye mtoto mmoja. Rejista zilizobaki ni chache, lakini mashtaka ya waliokiuka yaliandikwa sana magazetini.

Mashirika ya hisani, na mtoto aliyevuka bahari

Barnardo's, National Children's Home lililoanzishwa 1869, na shirika la Kanisa la Anglikana lililoitwa Waifs and Strays, la 1881, yote yaliweka watoto kwenye nyumba za walezi vijijini. Faili zake hazimwagwi mtandaoni. Wazao ndio hupewa, kwa maombi. Ambatisha mnyororo wa vyeti kutoka kwako hadi kwa mtoto, pamoja na cheti chake cha kifo. Barua isiyo na vyeti hurudishwa, na foleni huanza upya.

Foundling Hospital ya London, iliyopewa hati yake 1739, ni kisa cha pekee. Kila mtoto alibatizwa upya kwa jina jipya, akapewa namba, akapelekwa shamba kwa mama mnyonyeshaji mpaka karibu miaka mitano. Jina alilokua nalo halina uhusiano wowote na wazazi wake. Kinachounganisha maombi ya mama, ubatizo na mlezi ni namba, basi ukiipata iandike kila mahali.

Kati ya 1869 na 1948 watoto zaidi ya 100,000 walipelekwa kutoka Uingereza kwenda Kanada. Library and Archives Canada ina index yao kutoka orodha za meli. Tafuta kundi la watoto wa umri mmoja waliosafiri bila wazazi, na jina la shirika juu ya ukurasa. Kwenye sensa ya Kanada ya 1901 utawakuta mashambani kama "domestic" au "servant", wakiwa na mwaka wa kuingia nchini. Marekani, treni za yatima zilisafirisha watoto kutoka miji ya mashariki kati ya 1854 na 1929. Dalili yake ni mtoto aliyezaliwa New York katikati ya kaya ya Kansas ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuishi New York.

Baba aliyelipa kwa amri, na mtoto aliyelipa kwa kazi

Amri za matunzo dhidi ya baba zilitolewa na mahakama ndogo za wilaya, petty sessions. Daftari zake zimepotea sehemu nyingi, ila magazeti ya mtaa yaliripoti kesi hizo kwa majina. Tafuta jina la mama, si la mtoto, kuanzia kuzaliwa hadi mwaka mmoja baadaye. Kwa kabla ya 1834, dhamana za baba kwa parokia ziko kwenye masanduku ya parokia, ambayo sasa yamehamia hifadhi za kaunti. Humo humo ndimo zilimo hati za watoto waliofungwa kwa mkataba kwa bwana ili kujifunza kazi, zikiwa na umri, parokia iliyomtoa na jina la bwana.

Marekani, hati za kufungwa kwa bwana na za usimamizi ziko mahakama za mirathi za kaunti. Hapa wengi hujikwaa. Msimamizi aliteuliwa kulinda mali, kwa hiyo mtoto aliyeachiwa shamba na baba yake angeweza kupewa msimamizi huku mama yake yu hai na analala naye nyumba moja. Vilevile "orphan" kwenye nyaraka hizo mara nyingi ni aliyefiwa na baba tu. Usimwandikie mama tarehe ya kifo kwa sababu ya neno hilo.

Anapokuwa mtu mzima

Cheti cha ndoa cha England, kuanzia 1837 hadi Mei 2021, kina jina na kazi ya baba wa kila upande. Mtoto wa kulelewa angeweza kumtaja mlezi, baba halisi, baba wa kubuni mwenye jina la ukoo sawa na lake, au kuacha wazi. Kazi ndiyo kipimo: kama "baba" ana kazi ileile ya mlezi kwenye sensa iliyotangulia, umempata mlezi. Marekani, fomu ya kuomba namba ya hifadhi ya jamii, SS-5, ilianza 1936 na inauliza majina ya wazazi wote wawili. Mtu aliyekuwa akitumia jina la walezi kwa miaka hamsini huweza kuandika humo jina la mama yake mzazi kwa mara ya kwanza.

Vinasaba, pale karatasi zinapoishia

Pima mzee kuliko wote aliye hai na akikubali, kwa kuwa kila kizazi hupunguza nusu: kitukuu ana takribani asilimia 12.5 ya vinasaba vya mzee wake huyo, na anayemfuata chini 6.25. Binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa sentimorgani (kipimo cha vinasaba vya pamoja) 850 hivi, binamu wa pili karibu 230. Binamu wa tatu, mmoja kati ya kumi hivi haonyeshi uhusiano wowote, kwa hiyo kutolingana hakuthibitishi kitu.

Kazi yenyewe ni ya kutoa. Tenga kwanza wanaolingana nawe kupitia mwenzi wa mtoto wa kulelewa, kisha wa matawi mengine unayoyajua. Kundi linalobaki bila maelezo, wakiwa wanalingana wao kwa wao, ndilo la wazazi. Jenga miti yao mpaka ikutane kwa wanandoa wamoja, halafu angalia ni mtoto yupi wa wanandoa hao aliyekuwa karibu na Lambeth, au popote palipo kwenye sensa yako, miezi tisa kabla ya mtoto kuzaliwa. Kama mtoto alikuwa wa kiume na ana mzao wa kiume kwa mstari usiokatika, kipimo cha kromosomu Y kinaweza kukupa jina la ukoo la baba moja kwa moja.

Walezi wasifutwe kwenye mti. Programu nyingi za nasaba huruhusu seti mbili za wazazi: weka wa kuzaa na wa kulea, kila mmoja na aina yake, na nyaraka zake chini yake. Kama mzazi bado ni dhana, acha jina likiwa na alama ya kuuliza na usilichapishe, maana miti ya mtandaoni hunakiliwa ndani ya siku chache na dhana yako itakurudia mwakani kama ushahidi wa mtu mwingine.